Mzima Achukuaye Maradhi Asijijue

 

Katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha tumefika katika milango ya tiba na tauni. Usiku mmoja, watu walipokwisha kuondoka, alibakia nyuma ndugu mmoja katika wanafunzi wetu, mtu mzima mwenye watoto, akatuuliza swali ambalo alisema hajapata kumwuliza mtu miaka yote hii. Katika Ramadhani ya mwaka 1441, nayo ni ya mwaka 2020, alikuwa akishinda kazini na akirudi jioni kufuturu na mamake, mikono yao ikikutana katika sinia moja. Yeye alikuwa mzima, hakukohoa wala hakupiga chafya. Siku chache kabla ya Idi yule mama alishikwa na homa na kubanwa na kifua, akafa. Walipokuja watu wa afya kuwapima waliomo nyumbani, yeye akaonekana anayo maradhi ya korona. Akatuambia: Maalim, mimi ndiye niliyemwua mama yangu? Na kama ni mimi, nina kafara gani?

Hatukumjibu usiku ule. Swali hili lina sehemu mbili, moja ni ya matabibu na moja ni ya wanazuoni, na mwenye kuijibu ya pili kabla ya kuifahamu ya kwanza hujibu asilolijua. Tulimwomba atupe muda, tukasoma na tukauliza, na haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyapata. Tumeyaandika kwa ruhusa yake, kwa sababu tumeona si yeye peke yake katika mji wetu anayelala na swali hili.

Waliyoyaona matabibu

Maradhi ya korona yaliyozuka katika mji wa Wuhan, nchi ya China, mwisho wa mwaka 2019, hayakuwa ya kwanza ya jinsi yake. Mwaka 2003 dunia ilijiwa na ndugu yake, maradhi yaitwayo SARS, yakawapata watu 8,096 na kuwaua 774, kisha yakazimwa kwa muda wa miezi michache pasipo chanjo wala dawa makhsusi. Yaliwezekanaje? Kwa kuwa mgonjwa wa SARS hakuwa akiambukiza sana ila baada ya homa kumshika na kumlaza kitandani. Ilitosha kuwapima watu joto, mwenye homa akatengwa, na waliokuwa naye wakaangaliwa, na njia ya maradhi ikakatika. Adui yule alikuwa akija na ngoma yake.

Huyu wa pili alikuja bila ya ngoma. Kirusi chake hushikamana na pua na koo, na humo huzaana siku kadhaa kabla ya mwili kupata khabari. Homa, uchovu na maumivu ya viungo, sehemu yake kubwa si kazi ya kirusi chenyewe, bali ni mshindo wa askari wa mwili wanapoamka kupigana. Kabla hawajaamka, mwenye mwili hula na hulala kama desturi yake, na huku kwa kila neno alisemalo, na kwa kila aya aisomayo kwa sauti, hutoka kinywani mwake vitone vidogo visivyoonekana kwa macho, na kirusi kimo ndani yake. Katika mwaka ule wa kwanza matabibu waliona kuwa tangu mtu kuambukizwa hata kuonekana dalili hupita kama siku tano, na kwamba huweza kuwaambukiza wengine kwa kiasi cha siku mbili kabla ya dalili hizo. Na wako ambao askari wao humaliza vita kimya kimya, wasijue kabisa kuwa walivamiwa.

Basi hawa wazima wachukuao maradhi ni namna mbili, na watu wengi huwachanganya. Yuko ambaye leo hana dalili na kesho kutwa atakuwa nazo, na yuko ambaye hatakuwa nazo abadan. Tofauti yao ilionekana wazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee katika jimbo la Washington, Marekani, mwezi wa Machi 2020. Walipimwa wazee 76, na 48 katika hao wakaonekana wanayo. Katika hao 48, wazee 27 hawakuwa na dalili yoyote siku ya kupimwa. Lakini walipongojewa kidogo, 24 katika wale 27 waliugua. Kwa hivyo, mtu kuwa mzima siku ya Jumatatu si ushahidi wa siku ya Ijumaa.

Khabari ya meli ya Diamond Princess ni mashuhuri. Ilizuiliwa katika bandari ya Yokohama, Japani, mwezi wa Februari 2020, na ndani yake walikuwamo abiria na mabaharia 3,711. Waliopatikana na maradhi ni 712, na 331 katika hao, yaani karibu na nusu, walikuwa hawana dalili walipopimwa. Baada ya kufa mtu wa kwanza wa Italia, tarehe 21 Februari mwaka huo huo, mji wake mdogo wa Vo', wenye watu wasiozidi elfu tatu na mia chache, ulifungwa siku kumi na nne, na wengi wa watu wake wakapimwa mwanzo wa kufungwa na mwisho wake. Zaidi ya wanne katika kila kumi waliokuwa na kirusi hawakuwa na dalili. Na kilichowashangaza wachunguzi ni kuwa wingi wa kirusi katika pua za wazima hao haukutengana na ule wa wagonjwa.

Twapenda kusema haki kwa pande zote. Chunguzi nyingi zilipokuja kukusanywa pamoja baadaye katika mwaka 2020, ilionekana kuwa wale wasioumwa kabisa mwanzo hata mwisho ni kama mmoja katika kila watano, wala si nusu. Na kwamba mmoja wao huambukiza watu wachache kuliko mwenye kukohoa. Shirika la Afya la Dunia nalo, tarehe 8 Juni 2020, lilitamka kupitia kwa mmoja wa wakuu wake kuwa ni nadra mtu asiye na dalili kuambukiza, na kesho yake likabidi kulifafanua neno lake, kuwa halikuwa limewakusudia wale ambao dalili zao zi njiani. Watu wengi walilishika neno la jana wakaliacha la leo, kwa kuwa la jana ndilo lililopendeza nafsi zao.

Iko khabari moja ambayo sisi wanafunzi wa elimu ya Hadithi imetupendeza zaidi. Mwishoni mwa Januari 2020 matabibu wa Ujerumani waliandika katika jarida kubwa la tiba kuwa mwanamke mmoja aliyetoka Shanghai kwa shughuli za biashara aliwaambukiza wenzake wa karibu na München, naye akiwa mzima asiye na dalili. Khabari ikaenea dunia nzima. Kumbe walioiandika hawakuwa wamesema na mwanamke mwenyewe. Walichukua maneno ya wale aliokutana nao, ambao walimwona mzima. Maafisa wa afya walipompata kwa simu, akasema kuwa katika siku zile alikuwa akihisi uchovu na maumivu, na alikuwa amekunywa dawa ya kutuliza. Lau wangalifuata kanuni ya wanazuoni wetu, ya kumuuliza mpokezi mwenyewe kabla ya kupokea lililosemwa juu yake, wangalisalimika na aibu ile. Hata hivyo jambo lenyewe lilikuwa la kweli, lilithibiti kwa njia nyingine zisizokuwa hiyo. Isnadi dhaifu haimaanishi kila mara kuwa maana ni ya uongo.

Na hapa petu? Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi ule ule misikiti ilifungwa. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi. Twayakumbuka maneno yaliyokuwa yakisemwa barazani siku zile: Yako wapi hayo maradhi? Mbona hatuoni wagonjwa? Hii ni fitina ya kuwaharibia Waislamu mwezi wao. Na serikali nayo ilikuwa imewapa watu sababu ya kukimbia vipimo, kwani mwanzo waliotiwa karantini walitakiwa kulipa gharama kutoka mifukoni mwao.

Walio wazima, kumbe, ndio waliokuja kutoa ushahidi. Wachunguzi wa taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust, ambao makao yao ni Kilifi, walizichukua damu zilizotolewa na watu katika vituo vya kuchangia damu baina ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020, kiasi cha watu elfu tatu na zaidi, wakatafuta ndani yake alama ambazo mwili huziacha baada ya kupigana na kirusi hiki. Tufikiri ni nani atoaye damu. Mgonjwa hakubaliwi. Atoaye ni mtu mwenye siha yake aliyekwenda kwa miguu yake. Katika nchi nzima walikadiria kuwa watu wanne na ushei katika kila mia wamekwisha kupitiwa, na Mombasa ikatangulia miji yote kwa wanane katika kila mia. Na hata mwisho wa Julai waliokuwa wamehesabiwa na serikali kuwa wagonjwa ni kama 20,000 kwa Kenya nzima, na waliokufa 341. Pengine baadhi ya watoa damu hao waliwahi kupata mafua madogo wakayasahau, hilo hatulikatai. Lakini yule aliyeuliza barazani yako wapi maradhi, huenda yalikuwa katika koo lake mwenyewe alipokuwa akiuliza.

Yaliyomo katika Hadithi

Kila tunapolizungumza jambo hili hutokea mtu akatutolea Hadithi sahihi isemayo kuwa hakuna kuambukizana, akadhani amefunga mlango. Hadithi hiyo ni sahihi, na haifai kuikata katikati. Bedui mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) khabari ya ngamia wake walio wazuri kama paa jangwani, kisha akaingia kati yao ngamia mwenye upele akawatia upele wote. Mtume (S.A.W.) akamrudishia swali: Na yule wa kwanza, ni nani aliyemtia? Hakumwambia kuwa macho yake yamemdanganya. Alimtaka aliinue jicho mpaka kwa Mwenye kuumba sababu na vyenye kusababishwa, kwa kuwa watu wa Jahilia waliitakidi kuwa maradhi huhama kwa nguvu zake yenyewe. Hivi ndivyo walivyoifahamu wanazuoni wengi, na Imamu Nawawi akasema kuwa huku ndiko kufahamu kulio sawa. Na dalili yake ni kuwa Mtume yule yule (S.A.W.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima, na ameamrisha mwenye ukoma akimbiwe kama akimbiwavyo simba.

Lakini hapa patazamwe sana. Katazo la ngamia limemwelekea mtu anayejua kuwa ngamia wake ni wagonjwa. Je, asiyejua? Mwenye ngamia walionona, wanaokula na kunywa, na upele umo chini ya manyoya haujatoka?

Jawabu ya swali hili haimo katika Hadithi ya ngamia, imo katika Hadithi ya tauni. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham, alifika mahali paitwapo Sargh, wakamlaki majemadari wakamwambia kuwa tauni imeingia katika nchi. Akawataka shauri Muhajirina, wakakhitalifiana; akawataka Ansari, wakakhitalifiana; akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, nao kwa neno moja wakamwambia arudi. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kuwa ni kweli, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu, kisha akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja ni kavu, na popote atakapolisha atalisha kwa kadari. Akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwapo pale mashaurini, akatoa aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): tauni ikisikiwa iko katika nchi haiingiwi, na ikizuka katika nchi mtu alimo hatoki kwa kuikimbia.

Nusu ya kwanza ya agizo hili kila mwenye akili angaliitoa. Nusu ya pili ndiyo yenye ajabu. Kwa nini mzima azuiwe kutoka? Mgonjwa hahitaji kuzuiwa, kwani amelala. Anayezuiwa hapa ni yule awezaye kupanda ngamia wake akaenda, na Hadithi haikumtenga yeye na mwenziwe. Haikusema asitoke mwenye homa. Imesema asitoke mtu.

Wanazuoni wametaja sababu nyingi za katazo hili. Wamesema kuwa wazima wakitoka wote, wagonjwa hawatapata wa kuwanywesha maji na maiti hawatapata wa kuwazika, na hii ni sababu njema. Lakini Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 Hijria, katika mlango wa kumtegemea Mwenyezi Mungu wa kitabu chake Ihyaa, ametaja nyingine. Alifuata tiba ya zama zake, iliyoona kuwa tauni ni ubovu wa hewa, akasema kuwa hewa haidhuru kwa kugusa ngozi bali kwa kuvutwa puani siku nyingi hata ikafika mapafuni na moyoni, na kwamba maradhi hayadhihiri nje ila baada ya kufanya kazi yake ndani kwa muda. Basi anayetoka aghlabu hatoki nayo salama, kwa kuwa yamekwisha kumshika zamani. Hatusemi kuwa Ghazali alivijua virusi. Hatupendezwi na desturi iliyoenea siku hizi ya kugeuza kila neno la wazee kuwa muujiza wa sayansi, kisha sayansi ikibadilika tukabaki tumetahayari. Twasema tu kuwa alitazama kwa akili yake akafahamu kuwa uzima wa nje na uzima wa ndani si kitu kimoja, na jambo hilo wengi wa mji wetu hawakulifahamu mwaka 2020, na vipimo viko hospitali.

Na tauni ile ya Amwas, ya mwaka 18 Hijria, iliwachukua Abu Ubaida mwenyewe na Muadh bin Jabal, Mwenyezi Mungu awe radhi nao. Uongozi ulipomfikia Amru bin Al-Aas aliwaambia watu kuwa maradhi haya huwaka kama moto, basi wajitenge nayo milimani. Wakatawanyika, na Mwenyezi Mungu akayaondoa. Khabari ilipomfikia Sayyidna Umar hakuichukia. Kinyume cha hayo ameyaandika Hafidh Ibn Hajar juu ya mji wa Cairo mwaka 833 Hijria. Walikuwa wakifa watu wasiofika arubaini kwa siku. Wakafunga siku tatu, wakatoka wote jangwani wakakusanyika kuomba, wakarudi majumbani, na mwezi haukwisha ila wanaokufa wamepita elfu kwa siku. Ibn Hajar si mtu wa kudharau dua, na tauni hiyo hiyo ilimchukua binti yake mkubwa, baada ya wadogo zake wawili kuchukuliwa na tauni ya mwaka 819. Aliandika alichokiona. Waliotoka jangwani siku ile bila ya shaka walikuwa ni wale waliojiona wazima.

Kujitenga mzima asiyejua si kukosa tawakali, basi, na kufunika uso si kumdhania Mwenyezi Mungu vibaya. Mtume (S.A.W.) alipopiga chafya alikuwa akiufunika uso wake kwa mkono au kwa nguo na akiipunguza sauti, na hakungoja kwanza ajulikane kuwa ni mgonjwa. Mla kitunguu thaumu amezuiwa kuukaribia msikiti kwa sababu ya harufu, nayo haiui mtu. Wanazuoni wakapima juu yake kila lenye udhia ulio mkubwa zaidi. Misikiti yetu ilipofunguliwa mwezi wa Julai 2020 kwa watu wasiozidi mia na kwa muda wa saa moja, wako waliosema kuwa swala ya safu zilizoachana ni bidaa. Hao hao hawakuona bidaa kununua azima na kunywa kombe kwa ajili ya kinga.

Na lipo baya kuliko hilo. Maradhi yalipoingia katika nyumba ambayo hakuingia mgonjwa hata mmoja, wako waliokata shauri kuwa ni kazi ya mtu. Wakahesabu majirani, nani ana kijicho, nani alileta futari ikaliwa siku ile, nani aligombania ukuta. Wakaenda kwa waganga, na mganga hakosi jina la kumtajia mwenye fedha. Undugu wa miaka arubaini ukavunjika. Lau wangalijua kuwa mzima huchukua maradhi asijijue, wangaliona kuwa nyumba yao iliingiwa kwa mlango wa mbele, na mtu wao wenyewe, kwa salamu na kwa mapenzi, pasipo uchawi.

Jawabu yetu

Tulimwita ndugu yetu tukamwambia haya. Ama dhambi, hufuata kusudio au kupuuza. Mwenyezi Mungu ameeleza katika Suratul Ahzab kuwa hatulaumiwi kwa tulilolikosea, lawama ni kwa lile lililokusudiwa na nyoyo. Wewe hukukusudia, na hukuwa na dalili ya kukuonya, na siku zile hata wenye elimu yao walikuwa wakikhitalifiana kama mzima aambukiza au haambukizi. Hakuna kupuuza kwa asiyekuwa na la kulipuuza.

Ama kafara ya kuua kwa kukosea, haimpasi mtu ila ikithibiti kuwa ni kitendo chake ndicho kilichoua. Na hapa hapana yakini. Kipimo kilisema kuwa kirusi kilikuwa katika pua yako siku uliyopimwa. Hakikusema kilifika lini wala kilitoka kwa nani. Huenda mamako alikipata kwa mtu mwingine, na wewe ukakipata kwake ulipokuwa ukimnyanyua na kumnywesha maji, na mwili wako ukakishinda kimya kimya. Wale matabibu wa Ujerumani, na vyombo vyao vyote, walikosea juu ya mtu mmoja ambaye yu hai na ana simu. Sisi tutakujuaje? Asili ya dhima ya mtu ni kuwa ni safi, na yakini haiondoki kwa shaka. Hakuna kafara juu yako. Mwenye kutaka kumtolea mamake sadaka na kumwombea, mlango huo u wazi, lakini usiutoe kwa jina la fidia ya damu. Naye twamtarajia daraja ya mashahidi, kwani wanazuoni wengi wa zama hizi wamewaingiza waliokufa kwa maradhi haya katika fungu la waliokufa kwa tauni na maradhi ya ndani.

Tulimwambia na jambo jingine, lisije likachukuliwa jawabu lake na asiyekuwa yeye. Shirika la Afya la Dunia lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa hali ya hatari imekwisha, lakini kirusi hakikuondoka, kingali kikizunguka pamoja na mafua mengine ambayo nayo huchukuliwa na wazima. Anayejua leo kuwa alikaa chumba kimoja na mgonjwa, kisha akaenda akaukaribia uso wa mzee mwenye pumu bila ya kufunika kinywa wala kufungua dirisha, huyo si kama wewe. Na anayekohoa akasimama safu ya kwanza kwa kuona haya kukosa jamaa, huyo si kama nyinyi nyote wawili. Mwenye kunadi swala amepata kuamrishwa awaambie watu waswali majumbani mwao kwa sababu ya mvua tu.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa sasa amekumbuka: wiki moja kabla ya kuugua, mamake alikuwa amekwenda kutoa pole katika nyumba ya jirani aliyefiwa na mumewe, akakaa nao mchana kutwa. Akataka kutuuliza juu ya jirani huyo. Tukamzuia. Tukamwambia kuwa jawabu ile ile tuliyompa yeye ndiyo ya jirani yake, na kwamba hakuna haja ya kulitaja jina. Akaondoka kwenda kutawadha, kwani adhana ya Isha ilikuwa imekwisha kuanza.